Uzi: Watafiti wanapanda mlimani na dodoso, majibu yetu yanaishia wapi?

Mdodosaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mdadisi wa kukodiwa hapa Moshi. Mtafiti akishuka uwanja wa ndege wa KIA, au akitumwa na chuo chake kuja kukusanya data, anahitaji vijana wanaozijua njia za mlimani na wenye Kichaga cha kuelewana na bibi asiyetaka Kiswahili. Sisi ndio hao. Tunabeba vishikwambi, tunapanda Uru, Kibosho na Marangu, tunashuka Kahe, jioni tunatuma data, kazi ikiisha tunalipwa. Inanilisha, kwa hiyo msinielewe vibaya.

Hoja yangu ni hii: Kilimanjaro na jirani zetu Arusha tumetafitiwa mno, na kinachorudi ni kidogo sana. Kwa kuwa hakirudi, watu wameacha kusema kweli. Hili la pili ndilo linaloniuma, maana linaharibu hata sayansi yenyewe.

Chukulia kihamba, lile shamba la mseto la Mchaga linalozunguka nyumba. Mwaka 1984 Fernandes, O'kting'ati na Maghembe walichapisha makala iliyoeleza ngazi zake: miringaringa na miti mingine juu, migomba chini yake, halafu kahawa, halafu magimbi na maharage. Wastani wa shamba walioupata ni hekta 0.68, yaani kama ekari 1.7. Mwaka 2006 Andreas Hemp, Mjerumani wa mambo ya mimea, akaandika kwamba vihambani mna aina zaidi ya 500 za mimea, na nyingi zimejiotea zenyewe. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikaiingiza Shimbwe Juu, kule Uru, kwenye orodha ya mifumo ya kilimo ya urithi wa dunia. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliopita humo katikati hawahesabiki.

Sasa panda ukamuulize mwenye kihamba ameambiwa nini kuhusu hicho kihamba chake. Atakuuliza na yeye, kwani mlishamaliza?

Juzi niko Uru kwa mama mmoja wa makamo. Nimesoma fomu ya ridhaa yote, nimefika sehemu ya mali za kaya, nauliza ana mifugo gani. Akaniangalia, akafuta mikono kwenye kanga, akasema: "Mwanangu, hii ni ya mkopo au ya msaada?" Nikamwambia ni utafiti tu. Akasema, "Basi sina mifugo." Nyuma ya nyumba ng'ombe analia, na majani ya migomba ya kumlisha yamepangwa mlangoni tumeyaruka wakati wa kuingia. Nikajaza sifuri. Utaratibu unasema andika alichojibu.

Hiyo sifuri saa hizi imo kwenye jedwali la mtu mahali fulani.

Na hata wanaojibu kwa moyo mweupe, dodoso haliwapi nafasi. Watu wengi wa mlimani wana kihamba juu na shamba la mahindi kule chini tambarare. Dodoso lina mstari mmoja: "ukubwa wa shamba". Mwingine anataja cha juu, mwingine anajumlisha, mwingine anataja cha chini kwa sababu cha juu ni cha baba na ndugu hawajagawana.

Karibuni. Watafiti mliomo humu pia mseme, msijifiche.

Ndizi Ng'ombe

Naweka kambi hapa, uzi huu utakuwa mtamu.

Binti Tengeru

Nimejiona kwenye huu uzi, kaka. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, upande wa Arusha, nafanyia kazi mifereji ya asili, yaani mifongo yenu hiyo.

Nikueleze hali ilivyo. Barua ya chuo, barua ya Katibu Tawala wa mkoa, halafu wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Kila ngazi nauli na kusubiri mhusika yuko semina. Ukifika kwa mkulima umeshatumia sehemu kubwa ya fedha. Bajeti ya kurudi kutoa matokeo huwa tunaiandika kwenye andiko la kuombea fedha, maana wafadhili wanapenda kuiona, ila ndiyo ya kwanza kukatwa mafuta yakipanda. Kisha chuo hakinipi shahada kwa kuwa nilihutubia mkutano wa kijiji. Kinanipa kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida ya Kiingereza, ambayo mengine hata mimi siwezi kuyafungua bila kulipia.

Sisemi ni sawa. Nasema usimlaumu mtafiti peke yake.

Na hilo la sifuri: ulimwambia msimamizi wako?

Mdodosaji

Niliandika kwenye sehemu ya maoni ya mdadisi. Anayesafisha data yuko nje ya nchi, na sidhani kama kuna anayesoma maoni ya wadadisi.

KahawaChungu

Mimi mzee wa Kibosho, kijana. Hapa naandikiwa na mjukuu, kwa hiyo makosa ni yake.

Hao watafiti wanakuja kutuuliza tunayoyajua tayari, wanaondoka nayo, wanapewa vyeti. Kahawa imepungua, nani hajui? Chule buni tunaijua, kutu ya majani tunaijua, vidung'ata tunavijua. Usiku wa zamani huku ulikuwa wa blanketi mbili na moto wa kuni, siku hizi watoto wanalala dirisha wazi. Nilisema hayo kwa kijana mmoja mwenye kompyuta. Akaandika. Basi.

Mdodosaji

Shikamoo mzee wangu. Hilo la usiku ulilosema limepimwa. Mwaka 2015 ilitoka makala ya Craparo na wenzake kuhusu kahawa ya arabika ya Tanzania. Walichokiona ni hicho hicho chako: joto la usiku ndilo linaloumiza kuliko la mchana. Wakaweka na namba, kwamba kila nyuzijoto 1 ya usiku inayoongezeka inapunguza kilo 137 kwa hekta kwa mwaka.

KahawaChungu

Marahaba. Hekta ni nini? Mimi nina nusu ekari iliyobaki baada ya kuwagawia wanangu.

Mdodosaji

Kwa hesabu ya juu juu, nusu ekari yako ni kama kilo 28 kwa mwaka, kwa kila nyuzi moja. Hii ni hesabu ya wastani wa nchi, kihamba chenye kivuli kinaweza kuwa tofauti.

KahawaChungu

Kilo 28. Hapo sasa umesema kitu. Hiyo ni ada ya kujiunga na vitu vya shule vya huyu anayeniandikia. Mbona hakuja mtu kuniambia hivyo?

Ndizi Ng'ombe

Mzee kamaliza uzi wote kwa swali moja.

Mdodosaji

Mzee, nikuongezee nyingine, maana hii nayo haijashuka kijijini. Ilichapishwa 2014, imefanyika hapa hapa Kilimanjaro, kwenye vihamba na kwenye mashamba makubwa. Watafiti waliifunika mibuni kwa nyavu. Mingine wakazuia popo na ndege wasiingie, mingine wakazuia nyuki. Popo na ndege walipoachiwa kula wadudu, mbuni ulibakiza matunda zaidi kwa asilimia 9 hivi. Nyuki nao waliongeza uzito wa tunda kwa asilimia 7 hivi. Yaani kuna vibarua wa usiku na wa mchana wanaokufanyia kazi bure.

KahawaChungu

Popo? Sisi popo tunawapiga mawe kwa ajili ya matunda! Na kwenye dari tunawafukizia moshi.

Mdodosaji

Wale wanaokula matunda ni wengine, wanaosaidia kahawa ni wale wadogo wala wadudu. Ila ndiyo, gizani jiwe halichagui.

Ndizi Ng'ombe

Ningeona nyavu kwenye kahawa ningejua vyandarua vya malaria vimekosea anwani.

Mfugaji wa Monduli

Nawasoma kutoka huku. Mnalalamikia sifuri moja ya mama wa Uru? Njooni kwetu.

Kumuuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi ni sawa na kumuuliza mfanyakazi wa mjini salio lake la benki mbele ya majirani. Kwanza wazee hawapendi mifugo kuhesabiwa, ni mkosi. Pili, kila tukisikia hesabu ya ng'ombe tunakumbuka maneno ya kupunguza mifugo. Kwa hiyo baba yangu anataja nusu. Mjomba wangu anataja wale walio bomani leo tu, wale waliohamia malisho ya mbali hawahusu. Halafu ukame ukija, watathmini wakiuliza wamekufa wangapi, hesabu inapanda ghafla. Ukizilinganisha karatasi hizo mbili utakuta mtu kapoteza ng'ombe wengi kuliko aliokuwa nao.

Watafiti wanaandika kwamba takwimu za mifugo zina changamoto. Changamoto ni nyinyi kutorudi. Mtu akija mara ya pili na karatasi, akatuonyesha tulichosema na kimesaidia nini, mara ya tatu tutamwambia ukweli.

Mama Kiburu

Jamani mimi niko Maji ya Chai, nataka nitoe mfano wa upande mwingine, msije mkasema utafiti wote haurudi.

Floridi, ile madini ya majini inayotia meno madoa. Sisi wa Arumeru meno yetu ndiyo kitambulisho, mtu akicheka tu unajua kanywa maji ya wapi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu vyanzo vingi vinapita hapo mbali sana, na kwa miaka mingi nchi ilikuwa na kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, maana wangefuata cha dunia wangefunga visima nusu ya mkoa. Kituo cha Ngurdoto wakahangaika na mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwa kipimo, inasagwa, maji yanapitishwa humo, floridi inanasa. Baadaye Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru akatengeneza kichujio cha nano, akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mwaka 2015. Hivyo tunavijua kwa sababu vilikuja tukavishika. Mifupa ilileta maneno, wengine walikuwa wanauliza ni ya mnyama gani, mwingine anasema hanywi maji yaliyopita kwenye mfupa. Ila angalau tulibishana juu ya kitu kilicholetwa mbele yetu.

Sasa kuna kimoja ambacho hakikuja, na ndicho cha jikoni kwangu. Magadi. Miaka ya 1990 watafiti wa meno walionyesha kwamba magadi tunayowekea makande na kiburu (ndizi na maharage) ili yaive haraka yana floridi nyingi, na kwamba watoto wa sehemu zenye maji safi kabisa walikuwa wanapata madoa kwa sababu ya magadi. Mimi nimeyajua haya nikiwa mtu mzima, kwa daktari wa meno, nimempeleka mwanangu wa tatu. Wa kwanza na wa pili walishakula kiburu cha magadi utoto wao wote. Nani alikuwa aambiwe kabla yangu?

Binti Tengeru

Pole dada. Hapo sina utetezi.

Pembetatu

Wakuu mnakuza mambo. Mkulima anataka pembejeo na soko, hataki mhadhara. Hayo matokeo yakirudi yatasomwa na nani? Watu wataitwa mkutanoni watauliza soda na nauli iko wapi.

Mtendaji Mstaafu

Nimekuwa mtendaji wa kijiji kwa muda mrefu, wilaya sitaitaja. Pembetatu ana hoja kwenye posho, ila tatizo la posho tumelizaa wenyewe. Mradi mmoja ukilipa watu kukaa kwenye benchi, wote wanaofuata wataambiwa walipe.

Ninachotaka kusema ni kwamba kijiji hakihitaji mkutano mpya. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unaitishwa kila baada ya miezi mitatu. Watu wapo, ajenda ipo, mapato na matumizi yanasomwa. Mtafiti apewe robo saa kabla ya mengineyo. Hakuna hema, hakuna soda.

Mimi nilianza kufanya hivi: mtafiti akija na barua zake zimekamilika, simkatalii, ila nabaki na nakala na anasaini kwenye daftari langu kwamba ataleta kurasa mbili za Kiswahili. Sikuwa na sheria ya kumfunga. Aibu tu. Wageni walikuwa wanaleta kuliko wa hapa nchini, na sababu siijui mpaka leo. Zile zilizoletwa nilibandika kwenye ubao wa matangazo, jirani na majina ya wadaiwa wa michango, kwa hiyo zilisomwa sana.

Pembetatu

Mzee hapo umenichekesha, naondoa nusu ya maneno yangu. Lakini mtu ana kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua ya mkoa, mtendaji unamwekea masharti kama nani?

Mdodosaji

Kibali kinamruhusu yeye kutafiti, hakimlazimishi mtu kujibu. Ndiyo maana kuna fomu ya ridhaa. Mama wa Uru ana haki ya kusema "sijibu mpaka uniahidi kurudi". Hajui tu, kwa sababu sisi wadadisi tunaisoma ile fomu mbio mbio.

Kuna na hili: tunachukua namba za simu, alama za GPS za nyumba, wakati mwingine picha. Tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Mtu ana haki ya kuuliza taarifa zake ziko kwa nani.

Ndizi Ng'ombe

Mimi nina swali la mtu wa kawaida. Theluji ikiisha juu ya mlima, maji yataisha? Kila siku wazungu wanapiga picha barafu.

Mdodosaji

Barafu imepungua kweli, kama asilimia 85 ya ile ya 1912 ilikuwa imeshatoweka kufikia 2007. Ila maji yetu mengi yanatoka msituni. Huyo Hemp niliyemtaja alionyesha mwaka 2005 kwamba moto unaounguza misitu ya juu, ile inayonasa ukungu, unatupotezea maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Ukitaka kulia, lilia msitu. Tusitoke nje ya mada lakini.

Binti Tengeru

Mnisaidie basi, maana mmenisukuma ukutani na tatizo langu ni gumu kuliko bajeti.

Matokeo yangu ninayo. Mfongo niliopima unagawanya maji kwa zamu, kila kitongoji siku yake, na wazee wa mfongo ndio wasimamizi. Nilipima maji pale kwenye banio, yanapochepushwa kutoka mtoni, na kwenye kila mgawanyo. Kitongoji cha juu kinachukua zaidi ya zamu yake, hasa usiku. Cha chini kinapata maji yaliyobaki. Wote walinijibu kwamba zamu inafuatwa. Nikirudi na grafu yangu kwenye mkutano mkuu, nitawagombanisha watu walionipa uji na kunionyesha njia. Na waliniruhusu kupima kwa kuniamini.

Kwa hiyo nimekaa nayo. Iko kwenye tasnifu, kwa Kiingereza, jina la kijiji limefichwa.

Mfugaji wa Monduli

Soma mbele ya wote. Cha chini wanajua wanaibiwa, wanachokosa ni ushahidi.

KahawaChungu

Usisome mbele ya wote. Mimi ni mtu wa mfongo tangu utoto. Ukiwataja watu wa juu hadharani, kesho yake banio litavunjwa usiku na hutajua ni nani. Mfongo una wazee wake. Nenda kwao na mbege, kaa, waonyeshe. Tena watakuambia kitu ambacho kipimo chako hakikuona. Huenda wa juu wanafungulia usiku kwa sababu mfereji wao unavuja njia nzima na hawana saruji.

Binti Tengeru

Babu, sikupima uvujaji wa kila kipande. Nilipima kinachoingia tu.

KahawaChungu

Basi hujamaliza kupima.

Mtendaji Mstaafu

Mzee yuko sahihi kuhusu kuanzia kwa wazee, ila yasiishie kwao. Wazee wa mfongo wengi wanatoka juu, nisiwe mnafiki. Anza nao, wape nafasi ya kueleza na kukagua mfereji pamoja nawe, halafu maelezo yao na vipimo vyako viende mkutanoni pamoja. Sema "mgawanyo wa kwanza" na "mgawanyo wa tatu", watu wa pale wataelewa bila wewe kumtaja mtu.

Mama Kiburu

Na wanawake wa cha chini wawepo siku hiyo. Hao wazee wa mfongo hawachoti maji.

Binti Tengeru

Nimekubali. Nitaongea na msimamizi wangu kuhusu kupima uvujaji kabla sijawasilisha tasnifu. Akikataa nitakwenda kwa nauli yangu, ni Dala dala ya Moshi tu na bodaboda kupanda. Mdodosaji, unajua kuandika zile kurasa mbili za Kiswahili alizozitaja Mtendaji? Una mfano?

Mdodosaji

Njoo inboksi nikutumie. Ila jiandae, rasimu ya kwanza nitakurudishia. Hekta zote ziwe ekari, lita kwa sekunde ziwe ndoo kwa dakika, na ile sehemu ya mapitio ya maandiko itoe yote.